Len Huelskamp, Mtu Aliyesoma Mkataba Mpaka Mwisho

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Leonard Huelskamp, mtunza majengo wa Shule ya Mtakatifu Walburga hapa Osterfeld, Ohio, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na miezi minane. Alikusudia kufikisha arobaini. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Joan Wuebker, ameniomba wasifu wa ukurasa mmoja, wenye uchangamfu, usiogusa suala la mkataba. Nimejaribu mara tatu. Kila mara nilibaki na habari za mtu anayeondoka bila sababu, na Len hajawahi kufanya jambo bila sababu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayechapa programu hii ya hafla ya kumuaga kwenye mashine ya ofisini, mtaisoma kama ilivyo.

Len alikuja Oktoba 1986, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka kwenye mabanda ya batamzinga ya mjomba wake. Siku ya kwanza alikabidhiwa funguo sitini na moja zisizo na alama hata moja, pamoja na boila ya kupasha majengo joto, ambayo wanafunzi huiita Monsinyori, kama padri mwenye cheo, kwa kuwa ni kubwa, ni kongwe, hunguruma wakati wa sala na hakuna anayethubutu kuihamisha. Kufikia Noeli alikuwa ameandika daftari zima kuhusu funguo, na jingine kuhusu boila. Madaftari hayo bado yapo na ndiyo maandishi pekee ya shule hii yanayoeleweka.

Tangu hapo amefukua mapipa ya kantini mara zisizo na idadi, akitafuta vifaa vya kunyooshea meno ambavyo watoto wetu huvitupa pamoja na mabaki ya piza. Kila Ijumaa ya Kwaresima ndiye anayekaanga samaki wa parokia, sahani mia saba za sangara, na watu wanatoka kata tatu jirani kuja kuwala. Mkewe, Arlene, ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare kila wiki, miaka ishirini na mbili sasa, na hakuna padri aliyewahi kulalamika kuhusu pindo.

Sifa yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kusoma. Wengi wenu mnajua utaratibu wetu wa mikataba. Kila mwezi Machi tunaitwa chumba cha walimu, kuna donati na kahawa, na mikataba imepangwa mezani ikiwa na vibandiko vya njano mahali pa kutia saini. Mtu anafungua penye njano, anasaini, anachukua donati. Mwaka 2017 makaratasi yalichanganyika ofisini, na walimu ishirini na wawili tukasaini, kwa moyo mkunjufu, makubaliano ya kuhudumia boila. Niliapa kuondoa masizi kwenye mabomba ya Monsinyori kabla ya Oktoba kila mwaka. Mimi nafundisha hesabu darasa la sita. Aliyegundua ni Len, siku nne baadaye, kwa sababu ndiye pekee aliyebandua kibandiko na kuanza kusoma ukurasa wa kwanza. Tulicheka wiki nzima, na mwaka uliofuata tukasaini penye njano kama kawaida.

Sasa nifike pale nilipokatazwa kufika. Mke wa kwanza wa Len, Jeanette, aliondoka mwaka 1991 na hakurudi. Wakapeana talaka. Mwaka 1996 Len alimwoa Arlene mbele ya hakimu, kwenye jengo la mahakama, kwa sababu Kanisa halitambui talaka na kanisani isingewezekana. Tangu siku hiyo hajapokea komunyo. Huketi benchi la mwisho, karibu na kidhibiti cha joto, na wengine wanapopanga foleni yeye hubaki amekaa. Hakuna aliyemlazimisha. Anajua Kanisa linafundisha nini, na amelibeba jambo hilo kwa miaka ishirini na tisa bila kumlaumu mtu. Mapadri watano wamepita hapa na wote wanalijua hilo. Osterfeld nzima inalijua.

Mwaka huu jimbo Katoliki, yaani ofisi ya askofu, limetuletea mkataba mpya. Wa mtunza majengo ulikuwa ukurasa mmoja, sasa ni kurasa saba. Humo Len anaitwa "mhudumu wa utume wa Kanisa", cheo ambacho katika miaka thelathini na minane hakuna aliyemwita, hasa pale choo cha ghorofa ya pili kilipofurika. Ukurasa wa nne una kifungu cha maadili. Anayesaini anathibitisha kwamba maisha yake binafsi yanalingana na mafundisho ya Kanisa, na ndoa imetajwa kwa jina. Walimu tumekuwa na kifungu cha namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Najua hivyo kwa sababu Len aliniambia mwezi Machi, nami nilikuwa nimekisaini mara kumi na moja.

Niwe mkweli. Mimi ni Mkatoliki, nimewasomesha watoto wanne hapa, na sioni ajabu shule ya Kanisa kutaka mwalimu wa dini aiamini dini. Ila naomba mtu mmoja mwenye akili timamu anieleze uhusiano wa ndoa ya mtu na ufagio. Nimeuliza ofisi ya jimbo kwa barua mbili. Nimejibiwa kwa kijitabu.

Kama mwakilishi wa wafanyakazi nilikuwepo ofisini Len alipoitwa. Bi. Wuebker hakulala vizuri wiki ile na ilionekana. Hakutaka kumpoteza. Alisema hakuna atakayefuatilia, kwamba jimbo linataka karatasi zitimie tu, kwamba mwakani huenda wakalegeza.

"Tia saini tu, Len," alimwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Len alikuwa na kofia yake mkononi. Alifungua ukurasa wa nne, akaweka kidole penye maneno.

"Joan, hapa panasema naishi kama Kanisa linavyotaka. Siishi hivyo. Wewe unajua, Padri anajua, Mungu anajua. Mnataka nidanganye ili nihesabiwe mwadilifu?"

Jibu la swali hilo bado nalitafuta.

Padri Kessen, paroko wetu, kijana mwema, alipendekeza njia nyingine: Len aombe mahakama ya Kanisa itangaze kwamba ndoa ya kwanza haikuwa halali tangu mwanzo, ndipo aweze kumwoa Arlene kanisani. Fomu zilikuwepo, na yeye mwenyewe angezijaza. Len alizichukua, akazisoma zote kama kawaida yake, akazirudisha. Alisema alimpenda Jeanette siku ile na alikuwa na akili zake zote, na kwamba wana binti, Therese, aliyezaliwa katika ndoa hiyo. Padri alimweleza kwa upole kwamba mtoto haguswi kabisa. Len akasema anaelewa, lakini hawezi kuandika kwamba hakukuwa na kitu mahali palipokuwa na kitu. Kwa hiyo akaandika barua ya kustaafu, mistari mitatu, na mkataba akaurudisha bila saini. Pembeni mwa ukurasa wa sita alikuwa amesahihisha kwa penseli mahali walipokosea aina ya boila.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wiki mbili baadaye ofisi ya jimbo ilitufafanulia kwamba kifungu kinawahusu wanaolipwa tu. Anayejitolea hasaini chochote. Hivyo Len anaruhusiwa kuendelea kukaanga samaki, Arlene anaruhusiwa kuendelea kufua vitambaa vya altare, na Monsinyori akizimika katikati ya Januari hakuna kanuni inayozuia Len kuja kumwasha, alimradi aje bure. Nilitumwa mimi nimpelekee habari hizo njema. Nilimkuta chini kwenye boila, akiandika ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Samaki nitakuja," alisema. "Boila tafuteni mtakatifu."

Mpaka leo tangazo la kazi liko ubaoni, na mtakatifu hajaomba.

Len, tunakushukuru. Kwa theluji uliyoondoa kabla sisi hatujaamka, kwa jino la mtoto wangu wa tatu ulilolitoa kwenye bomba la sinki likiwa zima, kwa miaka yote uliyotutunzia nyumba huku sisi tukisaini bila kusoma. Tunamshukuru Arlene pia, kwa jina lake, kama mkeo.

Na kwa kuwa umenifundisha kusoma, nakuarifu kwamba mkataba wangu wa mwaka huu, ambao Machi sikuusaini, unatakiwa Jumatatu. Jana nilibandua kibandiko cha njano nikaanza ukurasa wa kwanza. Ilinichukua dakika arobaini. Ukurasa wa tano unasema mfanyakazi hatasifu hadharani maisha yanayopingana na mafundisho. Nimeusoma mara mbili ili nisije nikasema sikuelewa, kisha nikachapa nakala mia mbili na hamsini za programu hii, na jina langu nimeliweka chini.

Tunawatakia wewe na Arlene siku njema, afya na usingizi wa asubuhi. Nyumba yenu ni ya watu waadilifu.

Colleen Brandewie
Mwalimu wa Hesabu, Darasa la Sita