Vidole vya Mama Dakika

Ifikapo tarehe 30 ya mwezi huu, muuguzi Mama Dakika atatimiza miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya moyo, na siku hiyohiyo atakabidhi funguo za chumba namba saba. Mimi, karani wa masjala, nimeombwa niandike machache. Mniwie radhi yakizidi.

Alianza enzi zile vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vilipokuwa vinene kama kipande cha sabuni. Siku hizi ni vidogo, ila kazi ni ileile. Kifaa hukaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake hupita ndani ya mshipa hadi moyoni. Kinasikiliza tu. Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza. Ukichelewa, kinaushtua kwa umeme kidogo. Wagonjwa hukiita betri, na mzee mmoja aliwahi kuja na chaja mfukoni, jamani! Mama Dakika hakucheka. Alimkalisha, akamweleza kwamba betri hiyo hudumu miaka, na ikichoka tutambadilishia.

Jina hilo la utani alilipata kwa ukaidi. Kabla hajawasha mashine ya kukagulia betri, lazima amshike mgonjwa mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, macho kwenye saa ya ukutani. Wenzake walihesabu robo dakika, wakazidisha kwa nne. Foleni ilinuna, madaktari walimtania kwamba anasoma viganja, na mimi, nakiri, nilicheka kuliko wote.

Miaka tisa iliyopita nikawekewa betri mimi. Wiki ya tatu ngazi zikaanza kunishinda. Mashine ilionyesha betri nzima, ikituma umeme kila ilipotakiwa, na nilikuwa nimeshavaa shati niende zangu. Lakini hesabu ya kwanza haikuwa imemridhisha Mama Dakika, akanishika mkono tena. Akahesabu mapigo thelathini na manane, akarudia, yakawa yaleyale. Ncha ya waya ilikuwa imesogea: betri inabisha hodi, moyo hauitikii. Siku hiyohiyo nikarudishwa chumba cha upasuaji, na niliogopa kweli. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Leo ananipita kwa urefu.

Nitaikumbuka stuli yake iliyopauka, na kile kimya cha chumba namba saba. Wauguzi aliowafundisha sasa wanahesabu kama yeye, foleni inune isinune.

Jana alipita masjala kuaga. Akanipa mkono, akaanza habari za bustani yake, halafu akakatisha ghafla. Nikaona macho yamehamia kwenye saa. Nikatulia tuli, nikijizuia kulia nisije nikamharibia hesabu. Yalikuwa sitini kamili. Ndipo akaniachia mkono.

Asante, Mama Dakika. Tunakutakia afya njema na siku nyingi zisizo na foleni.