Saa za Kwenda Maji

Ndugu waombolezaji, mimi Veridiana, binti wa kwanza wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nikikwama mnivumilie.

Mzee Vitalis Ambrosi alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 kijijini Kitangari, Newala, akasoma hapohapo kisha Chidya, na mwaka 1965 akaajiriwa karani wa maji, kazi ya kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanatembea kwa muda wa saa ngapi hadi kisimani. Huko Chiwata binti mmoja, Agatha, alimjibu saa nne, akamuuliza kama amekuja kumtua ndoo, na tarehe 14 Agosti 1971 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1992 mradi wa maji ulileta kompyuta, baba akaingiza kila mtu mzima na kadi yake, jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa na saa za kwenda maji. Mwaka 1996 mradi ulifungwa, mfadhili akaondoka na programu kamili, akaacha ile ndogo ya kuendeshea tu, inayofungua kadi na kubadili namba, lakini haikubali kufuta kadi wala kuongeza hata kisanduku kimoja. Baba alipunguzwa kazi, akaomba kompyuta ile, akaiweka sebuleni kwetu Mkomaindo, ikawa inanguruma polepole mchana kutwa, na watu wakaja kutazama majina ya mama zao, kwa kuwa kadi haikuwa na mahali pa kuandika kifo, na humo hakuna aliyekufa. Msemo wa asiyekuwepo na lake halipo baba hakuupenda kabisa.

Mama alipofariki tarehe 9 Mei 2000 nilimsihi atafute fundi Dar es Salaam aongeze kisanduku cha kifo, akanijibu kwamba yeye ameshamwandika mama humo, nikadhani ni uzee, nikamnunia mwaka mzima, na leo naona aibu.

Januari 2003 alianza kuugua shinikizo la damu, akafariki tarehe 11 Juni katika hospitali ya Mkomaindo.

Jana asubuhi nilifungua kadi ya mama, na palipokuwa na saa nne zake za Chiwata pameandikwa sifuri, nikafungua ya bibi, sifuri, ya jirani yetu Mzee Dadi, sifuri, wote waliotangulia hawana tena safari ya maji. Kadi ya baba ilikuwa na saa tatu za kwao Kitangari, nikaibadilisha kwa mkono wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji siku hizi zote, na makarani wenzake.

Baba, umefika majini, mama yupo hapo, pumzika kwa amani.