Nondo za Faris: Maisha ya Mwalimu Suhaila Jiryis

Ndugu, majirani na wanafunzi wake mlioacha kazi mkaja Fuheis leo, ahsanteni. Dada yangu Suhaila, ambaye wengi mlimwita Umm Faris, yaani mama Faris, alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa Jiryis mkata mawe na mama yetu Najla.

Alisoma shule ya parokia, kisha chuo cha ualimu Ramallah, akahitimu 1966. Kuanzia 1968 hadi alipostaafu 2006 alifundisha Kiingereza chuo cha ufundi Amman, akiwaandaa wachora ramani na wasimamizi wa ujenzi.

Mwaka 1970 aliolewa na Khalil, fundi wa nondo. Faris, mtoto wao wa pekee, alizaliwa 1973. Khalil alijenga nyumba kwa mikono yake, na kama baba yeyote wa hapa, akaacha nondo zimechomoza juu ya nguzo, ili mwana akioa ajenge ghorofa yake.

Mnakumbuka kisa cha Nadim, mwanafunzi wake. Kwenye mradi wa wageni aliandika kwa Kiingereza kwamba roof ya ukumbi ipigwe lipu nyeupe, akimaanisha dari ya ndani. Mafundi wakapanda wakapiga lipu nje, mvua ikailamba yote. Sisi kwa Kiarabu tunasema saqf tu, iwe dari ya ndani au paa la nje. Suhaila alileta darasa zima nyumbani, akawalaza chali kwenye zulia la sebuleni.

"Mnaona nini?"

"Taa, mwalimu. Na buibui," Nadim akasema.

"Mwache, huyo halipi kodi. Hapo anapoishi ndiyo ceiling. Haya, vaeni viatu, twende juu."

Juu, upepo ukiwapiga, akasema, "Hapa mvua inapogonga ndiyo roof."

Nadim akashika nondo. "Na Faris akijenga, hapa tuliposimama pataitwaje?"

"Floor," akajibu, uso ukimng'aa. "Mimi chini nitabaki na ceiling yangu, nisikie wajukuu wakikimbia. Roof itakuwa ya Faris."

Faris alikwenda Toronto 1998. Mwaka uliofuata Khalil akafariki. Kila mwaka, kabla ya mvua, Suhaila alipanda peke yake kuzipaka nondo rangi zisiliwe na kutu.

Mwaka 2015 Faris alipiga simu. "Mama, tumenunua nyumba."

"Juu yake kuna nini?"

"Paa tu, mama. Na theluji."

"Basi iondoe, isikulemee."

Baada ya hapo Suhaila alimwita jirani yetu Abu Issa aje azikate nondo. Abu Issa akafika na mashine.

"Umm Faris, nianze na ipi?"

"Anza na kahawa."

Akammiminia, akamwongezea, akamwongezea tena, mpaka giza likaingia. "Njoo siku nyingine," akamwambia. Hakumwita tena.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2022, ngazi zikamshinda. Akahamishia kitanda sebuleni. "Nalala hapa nasikiliza," aliniambia.

"Unasikiliza nini, dada?"

"Kimya, Hind. Huko juu kimya kabisa."

Alifariki kwenye kitanda hicho tarehe 14 Novemba 2023, alfajiri.

Ameacha mwanawe Faris, mkwewe Claire, mjukuu wake Layan, na mimi mdogo wake. Wa Toronto walifika juzi. Jana tukiwa tumeketi na marehemu sebuleni, tulisikia vishindo juu yetu: Layan anakimbia huku na huko. Nikainuka kumwita ashuke, nondo zisimchome.

"Mwache kidogo, mama mdogo," Faris akasema.

Tukamwacha. Mwenyezi Mungu ampumzishe Suhaila wetu kwa amani.