Bi Yeh Su-o na Sufuria Iliyoisha ya Pili

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa mwisho, Yeh Kun-hui, aliyeacha shule darasa la sita akauze supu ya samaki. Ukoo huu una wahandisi na madaktari wa kujaza basi, lakini ilipofika kazi ya kusimama mbele za watu, watoto wa marehemu walisema mjomba ndiye mwenye mdomo. Hawakukosea. Kaeni vizuri, na wanaotaka kulia wasubiri kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 katika mji wa Matou, Tainan, mtoto wa kwanza wa mzee Yeh Thian-su, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, na mama Khoo Kim. Mama huyo alisifika mtaa mzima kwa bachang zake. Mchele wa kunata, nyama, karanga na kiini cha yai la chumvi, vyote vimefungwa kwa majani mabichi ya mwanzi na kuchemshwa mpaka jirani anakuja kuazima kiberiti ambacho hakihitaji. Su-o alijua kufunga kabla hajajua kusoma. Lakini siku moja, akiwa na miaka saba, mama alimsifia mtoto wa jirani kwamba anafunga vizuri. Su-o alingoja watu watoke, akafungua kamba za bachang zote za yule mtoto, moja moja, humo humo ndani ya sufuria. Mama alirudi akakuta uji. Alimwambia, "Mwanangu, kijicho chako kitakuja kutulaza na njaa." Watu wa Matou walicheka miaka mingi. Yeye hakucheka. Aliuliza tu kama uji wa yule mtoto ulikuwa na ladha.

Alisoma shule ya msingi Matou, kisha sekondari ya wasichana Tainan, akamaliza cheti cha uuguzi mwezi Juni 1966 akiwa wa pili darasani. Mpaka uzeeni aliweza kulitaja jina la aliyekuwa wa kwanza, na jina la mumewe, na kwamba mumewe alikuwa na kitambi.

Tarehe 12 Oktoba 1969 alifunga ndoa na marehemu Lai Bun-tek, kijana mpole wa kemia, ambaye alitangulia kuja kusoma hapa Houston. Su-o alimfuata Agosti 1971 na sanduku moja na sufuria moja. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko sanduku.

Wengi mliokaa hapa leo ni wa Chama cha Undugu wa Watu wa Taiwan, na mnajua kilivyozaliwa, ila vijana wa siku hizi wanajua tu ukumbi una kiyoyozi. Chama kilianzishwa Jumapili tarehe 7 Oktoba 1973, uani kwa Lai, nyumba ya kupanga, choo kimoja. Enzi hizo serikali ya nyumbani haikupenda kusikia watu wake wanakutana ughaibuni na kujiita Watu wa Taiwan. Ukionekana, jina lako linaandikwa, na mlango wa kurudi kwenu unafungwa. Kwa hiyo waasisi walikubaliana kwamba picha ya kumbukumbu wapige wameipa kamera mgongo. Wakapanga mstari, wakageuka. Su-o alikuwa jikoni anakaanga tambi za mchele. Akafungua dirisha akaita, "Baba we, tambi zinapoa."

Bun-tek akageuza shingo. Na kamera ikalia.

Ndiyo ile picha iliyoko ukumbini, juu ya birika la chai. Migongo mitupu na uso mmoja unaotabasamu kwa sababu ya tambi. Jinsi picha ilivyofikia wasiotakiwa kuiona hakuna anayejua, lakini mwaka uliofuata Bun-tek na mkewe walipokwenda kufanya upya pasipoti waliambiwa wangoje. Walingoja mpaka 1992. Bun-tek hakumlaumu mkewe hata siku moja. Alikuwa akisema tambi zile zilistahili. Su-o mwenyewe ndiye hakuwahi kukaanga tena tambi siku ya mkutano.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mama Peng, Bi Chiu Pao-chu, yule pale mstari wa mbele mwenye miwani myeusi. Mumewe alikuwa mweka hazina, na mgongo wake ulibaki mgongo. Kwa hiyo pasipoti yao ilikuwa safi. Machi 1975 Pao-chu akasafiri nyumbani. Su-o alimpa sweta na dawa za nguvu ampelekee mama yetu Matou. Pao-chu ni mtu wa Hsinchu, kaskazini, kule wanakokaanga mchele kwanza halafu wanaupika kwa mvuke. Lakini alikwenda mpaka Matou, akalala kwa mama siku mbili, akala bachang zake na akafundishwa kuzifunga. Aliporudi, Su-o alimwekea chai, akamketisha.

"Mama hajambo," akasema Pao-chu. "Anakula, anatembea. Bachang zake tamu."

"Hakuniagizia neno?"

"Alisema ule vizuri."

Su-o akamimina chai nyingine, akauliza tena kwa njia nyingine, akajibiwa vile vile. Mama alifariki tarehe 9 Novemba 1976. Simu ya maandishi ilifika na pasipoti haikufika. Mtoto wa kwanza hakumzika mamaye. Tangu hapo, kila alipomtazama Pao-chu, alimwona mtu aliyekaa kwenye kigoda chake, jikoni kwa mama yake, akala chakula chake cha mwisho. Huo ndio ulikuwa wivu wa dada yetu. Msidhani ulikuwa wa mchele.

Ila ulionekana kwenye mchele. Mwaka 1979 chama kilianza kuuza bachang kila sikukuu ya mwezi wa tano wa kalenda yetu ya kale, siku ambayo kila nyumba hula bachang, ili siku moja kipate ukumbi. Majani ya mwanzi hayakuwepo Houston nzima. Su-o akaenda duka la Wameksiko, akanunua maganda makavu ya mahindi, akafunga nayo. Ganda la mahindi halijui mambo ya watu wa Tainan. Zilipasuka zote, sufuria ikawa uji, na mdogo wake hapa, ambaye wakati huo bado alikuwa Matou, alicheka aliposimuliwa mpaka akaulizwa kazini ana nini. Siku hiyo hiyo Pao-chu alifika na majani halisi. Mama yake alikuwa amemshonea majani hayo ndani ya koti, kwenye bitana, mwili mzima, ili yapite forodha. Akiwa anatembea koti lilikuwa linalia kama kuku anayepita kwenye majani makavu. Bachang zake ziliisha kabla ya saa sita.

Na zikaendelea kuisha kwanza. Hata majani yalipoanza kuuzwa madukani, hata tuliponunua ukumbi mwaka 1988, lile lililokuwa duka la matairi, kila mwaka meza mbili, kusini na kaskazini, na kila mwaka sufuria ya Pao-chu ndiyo inaonekana chini kwanza. Watani walikuja makusudi kumuuliza Su-o kama wateja wake wamepotea njia. Alikuwa anajibu bila kuinua macho, "Wenye haraka wananunua kule. Wenye meno wananunua hapa." Lakini jicho moja lilikuwa kule. Aliwahi kumtuma mdogo wake akapeleleze, na mpelelezi alirudi na taarifa kwamba za kule ni kavu. Mpelelezi huyo alikuwa amekula nne, lakini leo si siku yake.

Nyumbani alikuwa anasema, "Mpaka Pao-chu akiri kwa kinywa chake kwamba zangu zinazidi zake, mimi sitalala usingizi." Na kweli hakuwa mtu wa kulala. Alifanya kazi ya uuguzi zamu za usiku, hospitali moja ya hapa mjini, kuanzia 1975 mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wagonjwa walimpenda. Waliopenda wauguzi wengine aliwajua pia.

Mumewe alifariki tarehe 11 Aprili 2009. Mnajua desturi yetu. Nyumba yenye msiba haifungi bachang mwaka huo, inaletewa na wenzake. Sikukuu ilipokaribia, Su-o alikaa anatazama mlango, anawaza ni nani atakayeleta, na akaja yule yule. Pao-chu aliweka kichane cha bachang mezani. Su-o akaangalia majani. Yalikuwa mabichi, ya kusini. Zilikuwa zimechemshwa na unga wa karanga uko pembeni. Akauma moja. Akaiweka, akaenda bafuni, maji yakafunguliwa muda mrefu. Akarudi, akakaa, akaimaliza yote.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndivyo mama yako alivyonifundisha."

"Najua. Ndiyo maana nimeimaliza."

Mgeni alipotoka, Su-o hakushukuru, alikasirika. Alimwambia mdogo wake kwamba mkono ule ni wa mama kabisa, na kwa nini mkono wa mama ukae kwenye mwili wa mtu wa Hsinchu wakati yeye mwenye mama yupo. Wivu uliokuwa umeanza kuzeeka ukarudi kijana.

Basi mzee Peng, mume wa Pao-chu, alipofariki Mei 2014, Su-o naye alikuwa na deni la kupeleka. Angeweza kupeleka za kwake za kusini. Hapana. Alihamia jikoni kwa mdogo wake kule Sugar Land, ili watu wasione, akajifunza za kaskazini. Wiki tatu kuta zilinuka vitunguu vya kukaanga, na mwenye nyumba, aliyekuwa na umbo ambalo wanawake wa kanisa jirani walilizungumzia, hakulipata tena. Su-o akazipeleka. Pao-chu akaonja taratibu, akasema mvuke haukutosha. Kisha akaomba ya pili. Su-o alirudi kwenye gari akiimba.

Mwezi Oktoba 2024 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Kwa kuwa alikuwa muuguzi, hakuna aliyeweza kumdanganya. Pao-chu alikuja mara kwa mara na kigari chake cha kuegemea anapotembea, kile cha magurudumu manne, miaka themanini na moja na kucha nyekundu. Akitoka, Su-o anaanza. "Mmemwona? Nywele zote ziko kichwani. Mimi naisha, yeye anapaka rangi." Siku asipokuja, anauliza mara tatu kama mvua inanyesha upande wa kule.

Mwishoni mwa Aprili, binti yake Hui-bin akiwepo, walizungumza hivi.

"Mwaka huu nyumba yangu haitafunga," Su-o alisema.

"Nitaleta mimi."

"Za kusini?"

"Kwani wajukuu zako wana meno ya kaskazini?"

"Usibanie karanga. Mara ile ulibania." Akamkazia macho. "Pao-chu. Mama alisema nini siku ile?"

Pao-chu akaanza kulinyoosha blanketi, huku na huku, mpaka hakuna mkunjo. "Alisema ule vizuri."

Su-o akafumba macho. Hakuuliza tena. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, watoto wakiwa wamemshika mikono. Sikukuu ni Jumamosi ijayo.

Wasifu ulikuwa uishie hapo, na programu mlizoshika zinaishia hapo. Lakini jana jioni Mama Peng alikuja na vichane viwili, karanga tele. Akakaa jikoni, akamwambia mdogo wa marehemu afunge mlango. Akasema mama yetu, mwaka 1975, alimtazama akifunga, akamsifia mikono, halafu akacheka akasema: "Unafunga vizuri, binti. Lakini Su-o wangu anakushinda, na atakushinda mpaka mwisho. Mwambie mama yake amesema hivyo."

Akaulizwa kwa nini hakumwambia. Akasema, "Niliona wivu. Mimi nina pasipoti, nina majani, nina mama yangu hai, na bado mama wa mtu ananiambia mtoto wake ananishinda. Nikasema nitamwambia mwakani. Mwakani mama akafa, na neno likawa zito. Mwezi uliopita, kando ya kitanda chake, nilitaka kulitoa, nikaishia kunyoosha blanketi." Akavua miwani, akaifuta. "Wewe ndiye unasoma kesho. Msomee. Na useme mama yake alisema kweli, nimezila miaka yote, najua. Ila sema ni za kuchemsha tu. Za mvuke sijashindwa na mtu."

Aliambiwa aje aseme mwenyewe. Yupo, amekaa. Amekataa kusimama. Na amewaambia viongozi wa chama kwamba Jumamosi hataweka meza, kwa sababu sufuria yake ikiisha kwanza peke yake haimshindi mtu.

Marehemu ameacha binti, Lai Hui-bin, na mumewe Ernesto. Mwana, Lai Chi-ho, na mkewe Mei-ying. Wajukuu watatu, Mateo, Lucia na Kai-lin, ambao watafunga mwakani na mtawaona. Mdogo mmoja, mzuri kuliko wote waliobaki. Na Bi Chiu Pao-chu.

Dada, neno lako ni hili. Mama alisema unamshinda, na Pao-chu amekiri. Sasa lala. Upumzike kwa amani.