Sauti Ndani ya Uzi wa Kioo

Mwaka ule wa sabini na saba, ukitaka habari ambayo redio imesahau kuisema, ulikwenda kwenye benchi la Bitutu, mkabala na posta ya Kisii. Bitutu aliuza kahawa, na uji kwa Wasabato kama Mzee Ishmael, ambao kanisa limewakataza kahawa lakini halijawakataza umbea. Asubuhi hiyo Thadeus, jina lake la benchini Dikshenari, alijibanza ubavuni pa mzee makusudi. Shule aliiacha darasa la sita, ila Kiingereza, kwa kauli yake, kilimfuata mpaka nyumbani. Makambi ya kanisa yalikaribia, mhubiri Mzungu anakuja, na Mzee Ishmael ndiye wa kuchagua mkalimani. Thadeus aliitaka kazi hiyo kuliko alivyotaka mke. Bahati ikamwangukia: redio ilikuwa imetangaza kwamba ng'ambo sasa sauti za simu zinapitishwa kwa mwanga, ndani ya uzi wa kioo.

— Uongo! alisema Nyangate, muuza betri, ambaye benchi zima lilimwita Tochi. Miaka yote namulika, sijasikia tochi ikisema hata hodi.

— Haina la kusema, kama mwenyewe, alijibu Thadeus.

— Mtu akifoka, hicho kioo si kitapasuka? aliuliza Bitutu.

— Wamekivisha mpira, Tochi akadakia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? aliuliza Bitutu.

— Kwa mlango.

— Na mtu akilia kwenye simu?

— Mwanga unalowa. Wanauanika kwanza. Unadhani simu za Nairobi huchelewa kwa nini?

Thadeus akainua mkono kama yuko mimbarini.

— Sikilizeni, nyinyi wa betri na birika. Sauti ikiingia kwenye simu inageuka umeme. Umeme haupiti kwenye kioo, mwanga unapita. Kwa hiyo mwanzo wa uzi pana kisanduku: umeme ukija, kinawasha na kuzima taa, haraka kuliko kope. Mwanga unakimbia. Mwisho wa uzi pana kisanduku kingine, chenye jicho. Kinauona mwanga, kinaugeuza umeme tena, na umeme unakuwa sauti. Na kila kimoja kina taa na jicho, kipeleke na kipokee.

Mzee Ishmael aliweka uji chini.

— Kumbe ni mkalimani!

— Kama mimi hasa, Mzee. Kiingereza kinaingia huku, Ekegusii chetu kinatokea huku. Hakuna linalomwagika.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Thadeus alishajiona jukwaani, tai shingoni, Mzungu akimngoja yeye amalize.

Pembeni alisimama mgeni, Tryphosa kutoka Nyaramba, aliyekuja posta kungoja simu ya mumewe.

— Samahani, ndugu. Hicho kisanduku kikikutana na neno kisilolijua, kinafanyaje?

Thadeus mwenyewe, akikwama, huangalia dari na kuwapa waumini aya yoyote iliyo karibu. Lakini kisanduku? Akamtazama Tochi. Tochi akatazama barabara.

— Inategemea ni neno gani, alisema.

— Haya, alisema Mzee Ishmael taratibu, taja moja.

Thadeus akanyoosha kikombe aongezwe uji. Bitutu akainamisha birika mpaka mwisho, likatoa mashapo matupu.