Mtunza Ghala wa Dobrovoda

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani, na ninyi nyote mlioziacha mashine zenu shambani katikati ya mavuno ili kuja kumsindikiza, familia imenituma mimi, Olena, binti wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu, Orest Hawryluk, na mwenyewe aliagiza kabla ya kukata kauli kwamba yasomwe yote, yasipunguzwe kwa ajili ya kumsitiri mtu, naye mwenyewe akiwemo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1938, katika shamba la wazazi wake kaskazini mwa Dobrovoda, Saskatchewan, akiwa kifungua mimba wa Hnat na Paraska Hawryluk, akafuatiwa na mdogo mmoja tu, Dmytro, ambaye ninyi nyote mnamwita Metro, na ambaye leo ameketi benchi la mbele upande wa kulia. Ndugu hawa walilala kitanda kimoja, wakavaa koti moja kwa zamu, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba ukimchapa mmoja, anayelia ni mwenzake.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya hapa Dobrovoda kuanzia Septemba 1945, akaiacha mwezi Mei 1953 baba yake alipovunjika nyonga, lakini somo lililomkaa kichwani hakulipata shuleni, alilipata mezani kwa baba yake huyo, babu yetu, aliyesimulia jinsi alivyofika relini na gari la farasi lililojaa ngano, theluji inakaribia, mnunuzi ni mmoja, na mnunuzi huyo akachota kiganja, akatikisa kichwa, akasema ngano hii ina unyevu, bei ni hii, ukiona haikufai rudi nayo kwako. Babu alisema, na sisi wajukuu tulilisikia neno hilo mpaka tukalichoka, kwamba mkulima aliye peke yake hauzi, anapangiwa bei.

Marehemu aliajiriwa kama msaidizi katika ghala la nafaka la ushirika tarehe 2 Juni 1958, akawa msimamizi wake tarehe 1 Aprili 1969, na kwa miaka yote hiyo kazi ilikwenda kwa utaratibu mnaoujua, kwamba bodi ya ngano ya serikali iliuza ngano ya wote kwa pamoja, wenye daraja moja walilipwa sawasawa, awe tajiri au hohehahe, na kila mtu aliingoja zamu ya mgao wake, yaani kiasi alichoruhusiwa kuuza, kabla ya kuleta nafaka. Baba aliuamini utaratibu huo kama wengine wanavyoiamini Kanuni ya Imani, na wengine wenu mlimcheka kwa hilo.

Tarehe 7 Julai 1962 alifunga ndoa na mama yetu, Stefania Kozak, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Petro, anayeishi Calgary, na mimi ninayesoma, pamoja na wajukuu watano, na mama alitutangulia tarehe 19 Novemba 2006, akamwachia baba nyumba kubwa, bustani ya vitunguu saumu, na mdogo wake Metro, aliyekuja kula chakula cha mchana kila Jumapili bila kukosa.

Jumapili hizo nitazisema kidogo, maana bila hizo hamtaelewa yaliyofuata. Metro hakuupenda mgao hata siku moja, na haki isemwe, alikuwa na sababu, kwa kuwa mwaka 1970 bodi iliwaambia watu wangoje, wakangoja, na ngano yake ikaoza imelundikwa chini shambani huku barua kutoka mjini zikimwambia avute subira. Basi kila Jumapili, sahani ya pyrohy, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, ikiwa katikati yao, angeanza, "Kaka, ngano yangu, jasho langu, mbona niombe ruhusa ya kuuza kama mtoto anayeomba kwenda chooni?" na baba angemjibu bila kuinua macho, "Uza peke yako, mdogo wangu, halafu uje uniambie nani alipanga bei," na Metro angecheka, "Hebu nipe krimu, mzee wa bodi, au nayo ina mgao?" na baba angempa, na hakuna aliyewahi kuondoka mezani pale amenuna.

Mwaka 2001 ushirika ulipotaka kulibomoa ghala letu, wakulima wa Dobrovoda walichanga, wakalinunua, wakambakiza baba kulitunza ingawa umri wa kustaafu ulikuwa mlangoni, na tarehe 1 Agosti 2012 serikali ilipoiondolea bodi haki ya kuuza ngano ya wote, kila mtu akawa huru kumuuzia amtakaye, na kampuni moja ya kununua nafaka ikajenga ghala lake la zege kule barabara kuu ya lami, wote mliona jambo moja, kwamba ghala letu litaishi tu ikiwa sote tutapeleka nafaka hapo, tukatafuta mnunuzi kwa sauti moja. Hakuna serikali iliyotulazimisha, hilo Metro mwenyewe alilisema kwa furaha, kwamba sasa ni hiari yetu, na hiari ndiyo aliyoililia miaka arobaini.

Ndipo tarehe 13 Januari 2013, katika karamu ya Malanka, mkesha wa mwaka mpya wa kalenda ya zamani, ukumbini hapo chini, mkate wa kolach ukawekwa mezani na chumvi katikati yake, na kila mwenye shamba akamega, akachovya, akala, akampa baba mkono mbele ya mkewe na watoto wake, kwamba mavuno yajayo yatapita kwenye ghala la Dobrovoda, na wa kwanza kumega alikuwa Metro, aliyesema kwa sauti iliyofika jikoni, "Kaka, mkiniona kule kwenye zege, nizikeni humo humo." Tulicheka sana, na baba akalia, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata siku ya mazishi ya mama.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa ya kutia wazimu, wakubwa mnakumbuka, ngano haina pa kuwekwa, na baba aliufungua mlango wa ghala kila asubuhi akaketi kwenye kiti chake karibu na mizani, akilitazama vumbi, kwa maana katika nchi tambarare kama hii lori haliwezi kwenda popote bila vumbi lake kusema, na vumbi halikuja. Wiki ya pili ya Septemba ikanyesha, mashine zikasimama, na hakuna mkulima mwenye akili anayesafirisha nafaka kwenye tope la mfinyanzi, kwa hiyo baba alifunga ghala, akaenda kupalilia kaburi la mama, na hapo ndipo alipoziona, kwenye njia ya nyuma inayopita makaburini, ambayo haina nyumba hata moja, alama za matairi zilizoichora njia nzima kwa mifereji mirefu, za kina zile za kwenda na mzigo, za juujuu zile za kurudi.

Mliingoja mvua ili vumbi lisiwasengenye, mkasahau kwamba tope nalo lina mdomo. Baba aliifuata mifereji ile kwa gari lake dogo mpaka kwenye mizani ya lile zege, na katikati ya alama zote alizitambua za lori la Metro, kwa kuwa tairi moja la nyuma halikufanana na wenzake, na halikufanana kwa sababu ni baba aliyelitoa kwenye lori lake mwenyewe, Metro alipopasukiwa njiani mavuno ya nyuma yake. Husemwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na baba yangu alikula na mzaliwa naye miaka yote ile, lakini siku zege lilipotoa bei ya juu kidogo alijikuta hana mla naye wala mzaliwa naye.

Hakumsema mtu. Ghala lilifungwa tarehe 30 Juni 2014, likabomolewa tarehe 11 Mei 2015, mkatoka na viti vyenu kutazama, na Jumapili sahani ilikuwa moja mezani. Vuli ya mwaka 2016, ghala la zege likiwa limebaki peke yake, Metro alikuja mlangoni na konzi ya ngano, akasema, "Kaka, wananiambia ina unyevu," na baba akachukua punje mbili, akazivunja kwa meno, akamwambia, "Ni kavu," akafunga mlango, na hilo ndilo neno pekee alilomwambia mdogo wake kwa miaka minne.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, kwa vumbi la nafaka la maisha yote, mwezi Februari mwaka huu, akalazwa Yorkton tarehe 21 Agosti, na akafariki dunia tarehe 5 Septemba 2017, saa nane mchana. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, inamshukuru Baba Paroko, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, akina mama waliokanda unga tangu juzi, na majirani waliovuna shamba lake la urithi alipokuwa kitandani, nao walivuna vizuri, na mimi nawashukuru ingawa moyo wangu bado haujataka.

Wosia wake ni mfupi. Jeneza lipakiwe kwenye lori lake jekundu la nafaka, kama alivyobebwa baba yake, liendeshwe na Metro, na lisipite njia ya nyuma, ingawa ndiyo fupi na ndiyo inayofika makaburini moja kwa moja, bali lipite katikati ya Dobrovoda, mbele ya milango yenu yote, lisimame kidogo pale ghala liliposimama, kisha liende. Mvua haijanyesha tangu Julai, vumbi litaonekana mbali. Funguo hizi hapa, baba mdogo, inuka uzichukue, alisema hataki mwingine.

Nawe, Baba, lala salama, upumzike kwa amani.