Hodi ya Bwana Gharib

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Bwana Gharib Shuaib anakabidhi jembe baada ya miaka thelathini na miwili katika bustani ya mji, hapa Amu, yaani Lamu.

Alipoajiriwa, kila masika maji yaliteremka vichochoroni, yakaijaza bustani na kumwagika hadi madrasa ya Bi Mwanamkisi, tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta. Wakubwa walitaka mfereji wa saruji. Yeye alichimba mabonde mapana, akatandaza kokoto na mchanga, akapanda matete na ukoka ili ardhi iyanywe maji yenyewe. "Yapeni mayi ndia," alisema, yaani maji yapewe njia, basi. Tangu hapo mikeka ya madrasa haijalowa, isipokuwa mara moja.

Sote tunakijua kichekesho chake. Kabla ya kuchimba hupiga hodi mara tatu, husubiri kidogo, ndipo huinua jembe. Husema chini yetu kuna mitaa ya kale, na mtu haingii nyumba za watu hivi hivi. Tulimcheka sana, naye alicheka nasi.

Mwaka 2018 alikwenda Pate kwenye matanga ya nduguye. Sisi tukachimba bonde la saba bila hodi, mbiombio, tuiwahi mvua. Ikanyesha, na maji yakasimama siku tisa. Hayakuwa na chura wala mbu, na yalikuwa baridi mno. Siku ya tisa yakavuka kizingiti cha madrasa. Bwana Gharib akarudi, akavua viatu, akapiga hodi. Kufikia alasiri bonde lilikuwa kavu, nasi tukaacha kucheka.

Mimi Fahima ndiye ninayeachiwa bustani, na juu yake usalama wa watoto wa madrasa. Nakiri niliogopa: ardhi isiponikubali je? Jumatatu iliyopita alinipa jembe penye bonde jipya, saa nne asubuhi, jua kali. Nikapiga hodi. Mara ya tatu nikasikia "Karibu", sauti ya mwanamke, chini ya nyayo zangu.

Nilimuuliza Bwana Gharib kama huitikiwa hivyo siku zote. Akaniambia kwamba miaka yote hiyo alipiga hodi kwa adabu tu, na hakuitikiwa hata siku moja.

Bwana Gharib, ahsante kwa kila mkeka uliobaki mkavu. Tunakutakia maisha mema, wewe na Bi Hadia na wajukuu. Ila tafadhali usihamie mbali. Bonde bado halijachimbwa, na tangu Jumatatu kila nipitapo pale nakaribishwa kwa jina langu, bila ya kupiga hodi.